Nusu Mita

Saa tatu kasorobo asubuhi Salme alijitanda khanga ya pili kichwani, akachukua daftari la serikali na penseli, akashuka mtoni kusoma maji badala ya mumewe. Ilikuwa siku ya kumi tangu Hamidi akatwe na bati unyayoni, mguu ukavimba mpaka akashindwa kuuingiza kiatuni, na siku ya tano tangu masika ianze kunyesha bila kupumua. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kando ya daraja la mbao, chini kabisa ya mtaa wa Mukuru, palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo ubao wa chuma wenye mistari na namba, kuanzia sifuri hadi mita tatu. Mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, msomaji alitakiwa aangalie maji yamegusa namba gani na kuiandika. Mwisho wa mwezi daftari lilipelekwa ofisi ya maji mjini. Hamidi aliuita mshahara wake pesa ya sabuni, lakini sabuni nayo ni lazima, na fundi wa majiko ya makaa kama yeye hana mwezi wa uhakika.

Ubao ule ulikuwa na kazi nyingine ambayo ofisi haikuijua. Watu wa Laini ya Chini, nyumba thelathini hivi za mbao na mabati zilizojibana ukingoni, walilala na kuamka kwa namba zake. Hamidi ndiye aliyewawekea kanuni miaka mingi nyuma: maji yakifika mita mbili, kila mtu abebe watoto na godoro apande shule ya chekechea ya kanisa, yakiwa chini ya mbili, mtu atulie kwake. Maji huingia nyumba ya kwanza yakifika mbili na nusu, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya kufunga vitu bila kukanyagana. Kuhama bila namba walikujaribu mara moja, kwa woga tu, na waliporudi walikuta sufuria na redio zao zimepata wenyewe wengine. Tangu hapo hakuna aliyetoka ndani kwa sababu ya mvua peke yake.

Salme alisimama darajani, akainama. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba mapovu ya viwandani na majani ya migomba, na yaligusa mstari wa moja na ishirini. Akaandika. Kisha macho yake yakaenda, kwa mazoea tu, upande wa pili wa daraja, kwenye jiwe lake.

Jiwe halikuwepo. Lilikuwa jiwe pana ambalo yeye na Benta, jirani yake, walifulia magunia makuukuu ya kiwanda cha unga ili wayauze tena, na alilijua kuliko alivyoijua sakafu ya nyumba yake. Miaka ya nyuma, Hamidi akisoma moja na ishirini, yeye huwa amekaa juu ya jiwe hilo na miguu tu ndiyo iliyo majini. Akisoma moja na sitini, humpigia kelele aondoke, maana ndipo jiwe linapofunikwa. Leo ubao ulisema moja na ishirini na juu ya jiwe hapakuonekana hata povu linalozunguka. Salme alirudia kusoma ubao. Ulikuwa uleule, moja na ishirini.

Wakati huo Wanyoike akatokea kwenye ngazi za udongo, koti lake refu limelowa, rungu kwapani. Alikuwa bawabu wa usiku kwenye bohari moja ya Industrial Area, kule viwandani, mjane asiye na mtu hapa mjini, na kila asubuhi alipita darajani kabla ya kwenda kulala.

"Mama Lela, maji ni ngapi?"

Salme aliangalia pale jiwe lilipotakiwa kuwa, akaangalia ubao. Angeweza kusema sijui. Angeweza kumwambia mzee, usilale leo, subiri nimuulize baba Lela kitu. Lakini kumuuliza nini, naye alikuwa nani wa kubishana na ubao wa serikali mbele ya watu?

"Moja na ishirini, mzee."

"Basi nalala mpaka kumi na moja. Niamshwe na njaa, si maji." Akacheka, akashuka kwake, nyumba ya tatu kutoka ukingoni. Salme alisikia komeo la mlango likisukumwa kwa ndani, kwani mtu anayelala mchana Mukuru hawezi kuacha mlango wazi.

*

Hamidi alikuwa ameketi mlangoni kwao, Laini ya Juu, mguu umepandishwa kwenye debe, anapiga ukingo wa jiko. Salme hakuzungusha maneno. Alimwambia habari ya jiwe, akamuuliza ubao una nini.

Nyundo ilisimama hewani. Ikashuka polepole mpaka pajani, na Salme akajua, kabla mumewe hajafungua mdomo, kwamba jibu lipo na limekaa ndani ya nyumba hii kwa muda mrefu.

Lilitoka vipande vipande. Lori la mchanga lilirudi nyuma likaigonga nguzo, ubao ukaanguka majini. Hamidi aliuopoa mwenyewe. Ilimpasa apeleke habari ofisini, lakini wiki chache kabla msomaji wa daraja jingine alikuwa amepeleka habari kama hiyo, na shukrani aliyopata ilikuwa siku mbili za kulala kituoni akiulizwa amemuuzia nani chuma cha serikali. Basi akaupigilia ubao tena. Sehemu ya chini ya nguzo ilikuwa imeoza, misumari haishiki, akaupigilia juu kidogo. Alikusudia kusema mhandisi wa ofisi akija na ile mashine yake ya kupimia mwendo wa maji. Mhandisi hakuja, ofisi haikuwa na petroli. Mwaka uliofuata ndio ule wa ukame, wa foleni na unga wa manjano wa msaada, ubao ukakaa mkavu juu ya mto, naye akawa anaandika namba za kukisia, na kila aliyeuona alisema kweli mwaka huu mto umekufa.

"Juu kidogo ni kiasi gani?" Salme aliuliza.

"Nusu mita."

Salme alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Alijumlisha mara tatu, na mara tatu ikaja ileile. Moja na sabini, asubuhi, kabla mvua hii ya sasa haijaanza kupiga bati kwa hasira. Akamwambia mumewe ainuke waende wakawaambie watu.

"Niwaambie nini? Kwamba miaka miwili nawalaza kwa uongo?" Aliiweka nyundo chini. "Watanipeleka ndani, mama Lela. Mimi na mguu huu. Na wewe utauza magunia mangapi ulipe kodi? Subiri kipimo cha saa tisa. Ubao ukisema moja na nusu, nitashuka mwenyewe, wallahi."

Salme alijua kwamba asubiri au asisubiri, mto hauna habari naye. Lakini alikuwa anaogopa, tena woga wa aina mbili, wa maji na wa watu, na woga wa watu ndio ulioshinda. Akawasha jiko. Akapika maharage ambayo hakuna aliyeyala, na kila baada ya muda alitoka kusikiliza mto, ambao sasa ulisikika mpaka Laini ya Juu.

*

Saa tisa hakuhitaji kwenda kumwita mtu. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama darajani wamejifunika magunia na nailoni, wanausoma ubao wenyewe. Muturi, fundi seremala aliyechaguliwa mwenyekiti wa Laini ya Chini, alikuwa ameinama akihesabu mistari kwa kidole.

"Moja na themanini," alitangaza. "Bado ishirini. Atakayetaka kufunga vitu afunge polepole."

Salme aliwaambia wahame. Alisema kwa sauti ndogo kwanza, kisha kwa kubwa. Aliwaambia ubao si wa kweli, maji yameshapita mbili, yamefika mbili na thelathini, na wakichelewa yatawakuta ndani.

Wakamtazama. Muturi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza kwa upole amejuaje. Salme akataja jiwe. Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikapata wenzake, kwani watu wenye hofu hucheka upesi. Muturi akanyoosha mkono, akalichukua daftari kutoka kwapani mwake bila kumwomba, akalifungua mbele ya wote na kusoma mstari wa asubuhi.

"Saa tatu, moja na ishirini. Huu si mwandiko wako, mama Lela?"

"Ni wangu."

"Sasa asubuhi ubao ulikuwa wa kweli, mchana umekuwa mwongo?"

Salme alitaka ardhi immeze. Benta peke yake ndiye aliyesogea akasimama karibu naye, akasema hata yeye jiwe halioni, lakini Benta alikuwa mpangaji wa juzi na neno lake halikuwa na uzito. Mvua iliwatiririka wote. Chini yao daraja lilikuwa linatetema kidogo kidogo, na Salme aliona maji yameshaupita mstari alioutangaza Muturi.

"Baba Lela ndiye aliyeupigilia," alisema hatimaye. "Ulianguka, akaupigilia juu. Nusu mita."

Hapo hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyeondoka pia. Walitazamana, wakautazama ubao, na ubao uliwatazama kwa namba zake safi za kiserikali. Mwanamke mmoja alisema mke asiyemstahi mumewe anaweza kumsingizia lolote. Muturi alimrudishia Salme daftari.

"Aje aseme mwenyewe," alisema. "Akisema yeye, tutabeba."

Salme alipanda ngazi za udongo kwa mikono na magoti. Alipofika nyumbani hakumbembeleza mumewe wala kumlaumu. Alimwambia moja na themanini, akaichukua nyundo pale chini akampa, akamwekea bega lake ajiegemeze. Hamidi alilia njia nzima. Salme hakumwambia anyamaze.

Walipofika watu waliwapisha. Hamidi alishika nguzo ya daraja, mguu wake mbaya ukiwa juu, akataka kueleza habari ya lori na habari ya msomaji aliyelala kituoni, lakini alipoona nyuso zile akaacha.

"Ni kweli," alisema. "Ongezeni nusu mita. Nisameheni, ongezeni nusu mita."

Bado walikuwa wanautazama ubao. Miaka yote hiyo aliwafundisha wauamini kuliko mtu yeyote, na sasa hawakuweza kumwamini yeye dhidi yake. Hamidi aliona hivyo. Akainama, Benta na Salme wakimshika kiuno asitumbukie, akaingiza nyundo nyuma ya chuma, akang'oa. Msumari wa kwanza ulitoka kwa kelele, wa pili ukafuata, kisha ubao wote ukapinda, ukaachia nguzo na kuchukuliwa na maji. Nguzo ikabaki tupu. Ndipo watu wakakimbia.

*

Walibeba walichoweza. Magodoro yalipanda yamekunjwa vichwani, kuku kwapani, cherehani ya mtu ilipandishwa na watu wanne wasioelewana. Maji yaliingia nyumba ya kwanza wakati watoto wa mwisho wanapita mlango wa chekechea, na wengi walianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Hakuna aliyemshukuru Hamidi. Alikaa kwenye kona, kwenye kijibenchi cha watoto, watu wakipita mbele yake kana kwamba pale pamewekwa furushi.

Muturi alisimama juu ya meza ya mwalimu akaita nyumba moja moja. Alipotaja jina la Wanyoike, mtu akajibu mzee ameshaenda kazini, siku za mvua hutoka mapema. Muturi akataja jina linalofuata.

Salme alikuwa nje barazani anamsaidia Benta kukamua blanketi. Jina lilimfikia kupitia dirishani, na jibu pia, na kwa muda mfupi akili yake ililipokea jibu lile kwa furaha, kwa sababu lilikuwa linamfaa. Kisha akasikia komeo. Alilisikia kama lilivyosukumwa asubuhi.

"Hajaenda," alisema. Akaingia ndani anasukuma watu. "Yuko ndani. Amelala mpaka kumi na moja, aliniambia."

Ilikuwa saa kumi na dakika kadhaa. Muturi na vijana wawili walishuka na kamba ya kuanikia nguo. Watu walisimama mwinuko ulipoishia na kuona yote: maji yalikuwa yamefika dirishani mwa nyumba ya tatu, Muturi akafika mlangoni maji yakimpiga kifuani, akagonga kwa ngumi, akaita, akagonga tena. Mlango haukufunguka, ulikuwa umefungwa barabara, na maji yaliusukuma kwa ndani na kwa nje. Walimvuta Muturi kwa kamba akiwa bado anaita. Dakika chache baadaye paa la Wanyoike liliinama upande mmoja, polepole, na nyumba ikafuata.

Salme alikuwa anarudia kimoyomoyo, moja na ishirini, mzee, moja na ishirini, na sauti aliyoisikia ilikuwa ile yake ya asubuhi, nzuri, yenye adabu.

*

Mwili wa Wanyoike ulipatikana siku ya pili upande wa machimbo ya Kware, na siku ya tatu gari la ofisi ya maji likaja. Alishuka mwanamke kijana mwenye buti za mpira aliyejitambulisha kama Lydiah, karani wa vipimo. Aliitazama ile nguzo tupu kwa muda, kisha akapanda mpaka kwa Hamidi, akapewa kiti pekee chenye mgongo.

Hamidi alieleza yote na hakujitetea. Lydiah alisema yeye si polisi, ataandika ripoti, na kazi hiyo itapewa mtu mwingine, mengine hayako mikononi mwake. Majirani wawili waliokuwa wamesimama uani walisikia, wakaondoka wakiwa wameridhika nusu. Tangu mafuriko hakuna aliyewapa Hamidi na mkewe salamu, na mwenye duka alimhudumia Salme wa mwisho, akamsukumia chumvi juu ya meza asiguse mkono wake.

Lydiah aliuliza kitu kimoja tu cha maana kwake: ubao ulipigiliwa tarehe gani? Ofisi inachora daraja jipya na mifereji kwa kutumia namba hizi, alisema, na kama tarehe haijulikani miaka miwili yote itabidi itupwe. Hamidi alishika kichwa. Hakukumbuka.

"Jumatatu, tarehe kumi na moja Julai, themanini na tatu," Salme alisema. "Kesho yake ilikuwa Idd. Alirudi amelowa, kanzu ina kutu, na alikuwa amefunga. Nilimuuliza, akasema ameanguka. Niliifua kanzu ile mara nne."

Lydiah aliandika. Akatoa kalamu nyekundu na rundo la daftari kwenye mkoba, akaanza kufanya kazi pale pale mezani, kwani alikuwa mtu wa bidii. Kila namba aliikata mstari na pembeni akaandika nyingine, imeongezwa hamsini. Zile za kukisia za mwaka wa ukame alizipigia alama tu. Alikuwa na mkono mwepesi. Kurasa zilifuatana, masika na vuli, mpaka akafika daftari la mwisho, lililokuwa bado hapa nyumbani, mwandiko wa Hamidi ukaisha na mwandiko mkubwa wa Salme, aliojifunza kwenye masomo ya ngumbaru ya watu wazima, ukaanza.

Alifika kwenye Jumanne ya mafuriko. Saa tatu asubuhi, moja na ishirini. Akakata mstari, akaandika kwa wekundu: moja na sabini.

"Afadhali," alisema akinyoosha vidole. "Namba zimepona karibu zote, mama. Hii sasa ndiyo sahihi."

Salme alikuwa amesimama nyuma yake, macho kwenye ule wekundu.

"Hiyo niliijua," alisema.

"Uliijua lini?"

"Saa tatu hiyo hiyo. Sikujua ni sabini. Lakini nilijua si ishirini."

Hamidi aliinua uso. Lydiah aligeuka kwenye kiti, akamtazama mwanamke huyu aliyevaa khanga mbili. Ripoti yake haikuwa na mahali pa jambo hilo. Salme aliona kwamba kulia kabisa kwa kila mstari kulikuwa na nafasi nyembamba yenye kichwa cha Maelezo, ambayo Hamidi hakuwahi kuijaza hata siku moja. Aliichukua penseli yake kwenye dirisha, akainama juu ya bega la karani, na kwenye nafasi ile, kando ya moja na sabini, akaandika polepole, herufi kwa herufi: Wanyoike aliuliza.

Lydiah aliisoma mara mbili. Kisha akalifunga daftari bila kufuta kitu, akalitia mkobani.